Mtoto ameungua kwenye pikiniki: maswali tunayoulizwa kila sikukuu

Idi na likizo ya Desemba, jamaa wakijaa Mama Ngina na ufuo wa Pirates hapa Mombasa na majiko yao, sisi wa zahanati tunajua tutakacholetewa: mtoto ameungua mkono au unyayo, na juu yake pamepakwa kitu cheupe.

Kuungua ni nini?
Ni ngozi kuharibiwa na joto. Ikiwa nyekundu na inauma, ni juu juu. Ikitoa malengelenge, joto limeingia ndani. Ikiwa nyeupe au nyeusi na mtoto hahisi kitu hapo, msifurahi kwamba halii. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Ameshika jiko la mishikaki. Nianze na nini?
Maji safi yanayotiririka, dakika 20. Tazama saa, kwa sababu wengi wanaishia dakika mbili. Mvue bangili na nguo, ila nguo iliyogandia kwenye ngozi usiivute. Mwili uliobaki ufunike leso asishikwe na baridi. Hata ukichelewa, maji bado yanafaa ndani ya saa tatu tangu aungue.

Na mfereji ukiwa mkavu?
Mwajua Mombasa ilivyo, basi mtungi wa lita 20 upakiwe pamoja na makaa. Watu wanabeba kreti nzima ya soda na chupa moja ya maji! Mmwagie polepole kwa kata. Barafu ya kupozea soda hapana, inaumiza ngozi zaidi. Maji ya bahari nayo yana uchafu. Tumia maji matamu.

Lakini dawa ya meno si inapoza?
Haipozi. Unachohisi ni mnanaa tu, joto limebaki chini ya ulichopaka. Kisha sisi tunalazimika kuiosha, mtoto akipiga mayowe, ndipo tuone kidonda.

Ute wa yai, je?
Hapana. Yai bichi lina vijidudu, na hapo ngozi ya kuvizuia haipo.

Samli? Unga wa ngano?
Hapana, na hapana. Maji.

Bibi yangu alinipaka dawa ya meno nikapona.
Ulipona kwa sababu jeraha lilikuwa dogo, lingepona hata bila hiyo dawa. Maji, jamani. Dakika 20.

Nimeshampaka.
Ioshe sasa hivi, anza kuhesabu dakika zako, kisha mlete. Hatutakugombeza sana.

Aende hospitali lini?
Siku hiyo hiyo, ikiwa jeraha limezidi kiganja cha mtoto mwenyewe, limetoa malengelenge, au liko usoni, mkononi, unyayoni, kwenye kiungo kama goti au kiwiko, au sehemu za siri. Mtoto mchanga aletwe hata likiwa dogo. Lifunikeni kwa nailoni safi au kitambaa safi, na malengelenge msiyapasue. Uliza pia kama anahitaji sindano ya pepopunda. "Tungoje kesho tuone" ndiyo inayotuletea usaha na homa siku ya nne.

Tukimaliza kuchoma, tufukie makaa mchangani?
Hapa ndipo subira yangu huisha. Mchanga haupozi makaa, unayahifadhi joto kwa saa nyingi na kuyaficha. Mtoto wa watu anatoka majini mbio, miguu mitupu, anakanyaga. Yamwagieni maji, koroga, mwagia tena mpaka yaache kufuka, kisha ondokeni nayo. Na jiko likikataa kushika, msilimwagie petroli wala mafuta ya taa. Moto humrukia anayemwaga.

Jiko tuliweke wapi?
Mbali na njia ya watoto wanaotoka kuogelea; wamelowa, wanateleza. Hali kadhalika karai la viazi. Mtu mzima mmoja akae upande wa maji, macho kwa watoto, maana anayezama mara nyingi hapigi kelele. Huyo asiwe ndiye anayegeuza mishikaki.