Pa Kusimama na Usiku wa Kuchagua: Maonyesho Madogo ya Mwanza

Kazi yangu ni kupanga sauti na picha katika maonyesho ya wasanii wanaojitegemea hapa Mwanza, yaani bendi zinazojilipia studio zenyewe, na watengenezaji wa filamu wanaozunguka na kazi yao kwenye kompyuta mpakato wakitafuta ukuta mweupe wa kuionyeshea. Watu huniuliza ni msanii gani wa kumwendea. Mimi huona kwamba kabla ya hilo afadhali mtu ajue asimame wapi na, kwa filamu za nje, aende usiku gani.

Onyesho dogo huwa na spika mbili tu, moja kila upande wa jukwaa. Katika uwanja wa wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo aliye mita 16 hupata desibeli 12 pungufu ya aliye mita 4. Fundi akiongeza sauti ili amfikie wa nyuma, wa mbele ndiye anayeumia masikio. Besi nayo huizunguka miili ya watu kwa urahisi, ilhali sauti nyembamba zinazobeba maneno huzuiwa na vichwa na mabega. Ndiyo maana ngoma kubwa ya bugobogobo, mchezo wa ngoma wa Wasukuma, husikika hadi kijiji cha pili, na aliyesimama huko asitambue mwimbaji anasema nini. Ukitaka maneno, simama katikati ya spika hizo mbili, theluthi ya kwanza ya uwanja, mahali unapoziona zote bila kuzuiwa.

Kisha kuna miamba, ambayo wageni huipiga picha na sisi mafundi huilalamikia. Mwamba wenye uso bapa ulio mita 35 mbele ya jukwaa humrudishia mwimbaji sauti yake baada ya takriban sehemu ya tano ya sekunde, muda unaotosha kabisa kumfanya mpiga ngoma asikie pigo lake mara mbili na kuanza kuchelewa. Dawa yake ni kuziinamisha spika kidogo ili sauti iwaangukie watu, kwa sababu hadhira iliyojaa huinyonya sauti vizuri kuliko pazia lolote. Kwa hiyo bendi ikiomba watu wasogee mbele, sogeeni. Si maringo ya jukwaani.

Usishangae pia kuona fundi akipunguza sauti usiku wakati watu ndio kwanza wamechangamka. Alasiri, tunapojaribu vyombo, ardhi huwa ya moto na sauti hupinda kwenda juu. Ardhi ikishapoa usiku, hasa upepo ukitulia, sauti hupinda kurudi chini na kufika mbali, ikiwa ni pamoja na vyumbani mwa majirani ambao hawakulipa kiingilio wala hawakuuhitaji muziki huo.

Kwa upande wa filamu, jua letu huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache jioni, kutegemea mwezi wa mwaka, na giza halichelewi. Tangazo linaposema saa 12 kamili, jua kwamba picha itaanza saa 1 na nusu. Ukuta uliopakwa chokaa naupenda kuliko kitambaa, maana upepo wa ziwani hugeuza kitambaa kuwa tanga.

Suala la mwezi ndilo hunipa kazi zaidi. Katika mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, kama Igombe na Kayenze, wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao siku za giza na kupumzika mbalamwezi inapong'aa, kwa hiyo watazamaji wengi hupatikana usiku mweupe. Wapo wanaodhani mwezi utaifuta picha. Projekta ya lumeni 3,000 (lumeni hupima mwanga wote unaotoka) ikimulika ukuta wa mita 3 kwa 2 huupa mwangaza wa takriban laksi 500 (laksi hupima mwanga unaoangukia kila mita ya mraba), ilhali mwezi mpevu hautoi hata laksi moja. Balbu moja ya ulinzi juu ya duka jirani huharibu picha kuliko mwezi wote. Siku za mwezi mwandamo, kinyume chake, ndipo vijidudu vya ziwani huibuka kwa wingi na kuufuata mwali wa projekta, na inabidi niwashe taa kali kando, mbali na watu, ili viende huko.

Filamu za bajeti ndogo mara nyingi zina mazungumzo yaliyorekodiwa kwa sauti ya chini, na muziki juu yake. Usikae pembeni karibu na jenereta kwa ajili ya nafasi ya kunyoosha miguu. Kaa mbele, upande wenye spika. Ukikosa sentensi mbili za mwanzo, mwambie fundi hapo hapo, kwa sababu kupandisha mazungumzo kwenye miksa ni kazi ya sekunde chache na hakuna atakayekuona mkorofi.