Mtoto ana B, Hisabati ana E: wazazi wanavyoyasoma vibaya matokeo ya darasa la saba

Matokeo ya darasa la saba yakishatoka, wazazi huja shuleni au hupiga simu na kauli ileile: "Mwalimu, mtoto ana B. Kafaulu, tumemaliza." Ukimuuliza mzazi huyo mtoto kapata nini Hisabati, hajui. Kiingereza je? Hajui. Ameangalia herufi ya mwisho kwenye mstari, akaenda kuulizia bei ya sare. Dhana hii inawaumiza watoto wengi kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

Dhana: Wastani ndio matokeo

Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi wa Tanzania una masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, pamoja na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Kwa somo moja, A ni 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30, D ni 11 hadi 20 na E ni 0 hadi 10. Daraja la wastani linatokana na jumla ya masomo yote: A ni 241 hadi 300, B ni 181 hadi 240, C ni 121 hadi 180, D ni 61 hadi 120, na chini ya hapo ni E. Aliyefika 121 amefaulu.

Sasa chukua mtoto mwenye Kiswahili 45, Uraia 41, Maarifa ya Jamii 40, Sayansi 33, Kiingereza 15 na Hisabati 8. Jumlisha: 182. Huyo ana B ya wastani. Jirani atakuja kumpongeza, na mzazi atapumua. Lakini mtoto huyohuyo ana D ya Kiingereza na E ya Hisabati, na Januari anaingia kidato cha kwanza ambako karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Kitabu cha Baiolojia kimeandikwa kwa Kiingereza. Maswali ya Fizikia yameandikwa kwa Kiingereza na yanadai hesabu za sehemu na desimali. Alama zake 126 kati ya 182 zimetoka kwenye masomo matatu aliyoyasoma na kuyajibu kwa lugha anayoiongea kila siku. Lugha hiyo inaondolewa mara tu anapovuka geti la sekondari. Ndiyo maana kila mwaka kuna watoto waliofaulu vizuri darasa la saba ambao kufikia katikati ya kidato cha kwanza wanakaa kimya darasani, na wazazi wanasema wamekuwa wavivu.

Herufi moja pia inaficha mengi. Mwenye 182 na mwenye 239 wote ni B. Mwenye 180 ni C na mwenye 181 ni B, na tofauti yao ni swali moja la kuchagua. Mzazi anayempiga mtoto wa 180 na kumnunulia baiskeli wa 181 amewatendea wote wawili vibaya.

Mstari wa matokeo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani unaonyesha namba ya mtahiniwa, namba ya PREM (ya kumbukumbu zake za shule), jinsi, jina, kisha herufi ya kila somo na mwisho daraja la wastani. Soma herufi sita kwanza. Hizo ndizo zinazokwambia cha kufanya kesho asubuhi. Ukitaka kukadiria alama zenyewe, mwombe mwalimu wa taaluma matokeo ya mitihani ya utamirifu, yaani moko za halmashauri na za mkoa. Pale utaona kama D ya Kiingereza iko karibu na 11 au na 20, na hayo ni matatizo mawili tofauti.

Mtihani hufanyika Septemba, shule ya sekondari hufunguliwa Januari. Katikati kuna zaidi ya miezi mitatu, na familia nyingi huipoteza ikisubiri matokeo. Usisubiri. Moko zilishakwambia mtoto yuko wapi, kwa hiyo anza wiki inayofuata mtihani.

Kwa Hisabati, mpe mambo matano kwenye karatasi: jedwali la kuzidisha hadi 12, 1/2 kujumlisha 1/3, 0.6 mara 0.5, asilimia 15 ya shilingi 8,000, na fumbo moja la maneno, kwa mfano mkulima aliyeuza robo tatu ya magunia 240, akabakiwa na mangapi. Majibu ni 5/6, 0.3, shilingi 1,200 na magunia 60. Alipokwama ndipo pa kuanzia, hata kama ni mada ya darasa la nne. Kumrudisha mtoto wa darasa la saba kwenye sehemu za darasa la nne si aibu. Aibu ni kumwachia aende nazo hivyohivyo mpaka kidato cha pili.

Kwa Kiingereza, chukua kitabu cha kiada cha darasa la tano. Asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha aeleze kwa Kiswahili alichosoma, kisha aandike sentensi tano za Kiingereza kuhusu hichohicho. Akishindwa kueleza, shuka darasa moja. Nusu saa kila siku inamjenga kuliko saa nne za Jumamosi. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao yake, kwa hiyo sioni sababu ya kununua vijitabu vya "maswali na majibu" vinavyouzwa stendi, vingi vikiwa na majibu yasiyo sahihi.

Na masomo ya "pre-form one": kabla ya kulipa, omba ratiba. Kama mtoto asiyeweza kusoma aya moja ya Kiingereza ataandikishwa notsi za Kemia kuanzia siku ya kwanza, bakia na pesa yako. Anachohitaji ni kusoma kila siku, msamiati wa masomo, na hesabu za msingi. Notsi atazipata Januari bure.

Dhana: Maswali ni ya kuchagua, mtoto hawezi kukosa kabisa

Kila somo lina maswali 45. Maswali 40 ni ya kuchagua, alama moja moja, na matano ya mwisho ni ya kuandika, alama mbili mbili. Swali la kuchagua lina majibu matano, A hadi E. Anayebahatisha yote 40 anatarajiwa kupata manane. Nane kati ya 50 ni E. Maswali matano ya kuandika hayabahatishiki, na kwenye Hisabati mtoto anatakiwa kuonyesha njia.

Tena majibu yasiyo sahihi hayawekwi ovyo. Watunzi huyaita vipotoshi, na kila kimoja kinatokana na kosa ambalo watoto hulifanya kweli. Kwenye 1/2 kujumlisha 1/3, utakuta 2/5 pale, kwa sababu mtunzi anajua kuna atakayejumlisha viasi na viasi, asili na asili. Mtoto anaifanya hesabu kwa njia mbovu, anakuta jibu lake limo kwenye orodha, anatabasamu na kusonga mbele. Kwa hiyo mtoto asiyejua kitu vizuri yuko hatarini zaidi kuliko asiyekijua kabisa. Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikieleza swali lilipima nini, kwa nini wengi walivutwa na kipotoshi fulani, na walishindwa wapi. Zinapatikana bure kwenye tovuti yake. Mzazi anayeweza kusoma gazeti anaweza kuzisoma, na zinafaa kuliko rundo la mitihani ya zamani isiyo na maelezo.

Halafu kuna fomu yenyewe ya kujibia. Maswali 1 hadi 40 hujibiwa kwa penseli ya HB, kwa kusiliba, yaani kuijaza weusi, herufi ya jibu. Maswali 41 hadi 45 hujibiwa kwa kalamu ya wino wa bluu au mweusi. Fomu inasomwa na mashine, na mashine haijui nia ya mtoto. Makosa ya kila mwaka ni yaleyale. Mtoto anaruka swali la 12 akilenga kulirudia, lakini anasiliba jibu la 13 kwenye mstari wa 12, na kuanzia hapo kila kitu kimesogea. Anabadilisha jibu bila kufuta vizuri, na mashine inaona majibu mawili. Anatumia ufutio mchafu unaoacha weusi. Anasiliba nusu ya herufi. Anakosea namba yake ya mtihani.

Tiba yake ni mazoezi ya mikono. Chora fomu ya mistari 40 kwenye karatasi, mpe penseli ya HB mbili zilizochongwa, kichongeo na ufutio laini mweupe, na kila zoezi la kuchagua alijibu humo. Afundishwe kutamka namba ya swali kimoyomoyo kabla ya kusiliba, na kila baada ya maswali kumi ahakikishe namba ya swali na namba ya mstari zinalingana. Asiache mstari mtupu, kwa sababu jibu baya halikatwi alama. Lakini aliyeruka swali aweke alama ndogo kwenye karatasi ya maswali, siyo kwenye fomu.

Dhana: Asiporidhisha, arudie kwa jina jingine

Hili hunong'onwa, kwa hiyo nalisema wazi. Mtoto huhamishiwa mkoa mwingine, anaandikishwa darasa la sita kwa jina la babu, na familia inaona imefanya akili. Mwanafunzi ana namba ya PREM inayofuata kumbukumbu zake, na jina la mtihani ndilo litakalokuwa kwenye vyeti. Kijana anafika kuomba mkopo wa elimu ya juu au kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cha shule kinasema vile. Hapo inaanza miezi ya viapo na barua. Aliyepata D hana haja ya jina jipya. Mwulize mwalimu wa taaluma kuhusu vyuo vya ufundi stadi, elimu ya serikali ya nje ya mfumo rasmi, na shule binafsi zinazompokea mwenye D.

Dhana: Ana A lakini kapangiwa shule ya kutwa, kaonewa

Baraza la Mitihani linatahini na kutoa matokeo. Linaloamua mtoto aende wapi ni zoezi la uchaguzi chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Nafasi za shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato, za shule za ufundi, na za bweni za kawaida ni chache mno ukilinganisha na wenye A. Nyingi ya shule hizo ni za jinsia moja, kwa hiyo msichana na mvulana wenye alama sawa hawagombei kiti kimoja. Shule ya kata si adhabu wala si ishara kwamba matokeo yamebadilishwa. Kwenda ofisi za Baraza kulalamikia upangaji ni kupoteza nauli.

Dhana: Wa shule za Kiingereza wana mtihani wao

Hapana. Maswali ni yaleyale, lugha ndiyo tofauti.

Dhana: Shule hii ni ya kwanza kimkoa, tumeona kwenye orodha

Tangu Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Orodha zinazozunguka kwenye WhatsApp zimetengenezwa na watu wengine. Shule yenye watahiniwa 18 waliochujwa tangu darasa la nne haiwezi kulinganishwa na yenye watahiniwa 260 ambao haikumfukuza yeyote. Uliza walianza wangapi darasa la kwanza, na wangapi kati yao walikaa kwenye chumba cha mtihani.

Dhana: Upimaji wa darasa la nne ni wa kujaribu tu

Ni upimaji wa kitaifa, unatungwa na Baraza lilelile, na watoto wanaorudia darasa kwa sababu yake wapo kila mwaka. Lakini uzito wake mkubwa kwa mzazi ni muda. Ukiona D ya Hisabati darasa la nne, una miaka. Ukiiona darasa la saba, una wiki. Hata kabla ya hapo kuna upimaji wa kusoma, kuandika na kuhesabu wa darasa la pili. Mwulize mwalimu mtoto alisomaje, kwa sababu asiyesoma kwa ufasaha darasa la pili atashindwa swali la Sayansi analolijua, kwa kutolielewa swali lenyewe.

Dhana: Mtoto mwenye ulemavu atasaidiwa tu siku ile

Utaratibu upo, lakini unaanzia kwenye usajili. Mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Mwenye uoni hafifu hupewa karatasi ya maandishi makubwa, asiyeona hupewa ya nukta nundu. Karatasi hizo haziwezi kupatikana asubuhi ya mtihani. Peleka taarifa za mtoto kwa mwalimu mkuu mapema, wakati wa usajili, na uhakikishe zimeingizwa.

Dhana: Darasa la saba limeshafutwa

Sera mpya inaweka elimu ya msingi kuwa miaka sita, lakini mabadiliko yanaingia kwa awamu. Kwa mpango wa serikali, mwaka 2027 madarasa mawili yatamaliza pamoja: la saba la mtaala wa zamani na la sita la mtaala mpya, wote wakiingia kidato cha kwanza Januari 2028. Mtaala wa mtoto wako ndio unaoamua masomo atakayotahiniwa, kwa hiyo vijitabu vya kaka yake huenda visimfae hata kidogo. Na kama unategemea nafasi ya bweni mwaka huo, jua kwamba madarasa mawili yatakuwa yanaigombea.