Je, wajua kwa nini katika geimu nunda (dude la kuwindwa) asiye wa lazima ndiye mgumu kuliko bosi wa mwisho?

Mtoto wa kaka yangu alimuua bosi wa mwisho, yaani adui wa kufungia hadithi, wa geimu ya Final Fantasy XII jioni moja kabla ya Isha, hapa mtaa wa Mkomani, Amu, akazunguka nyumba nzima akijisifu. Kesho yake akaingia tena kwenye geimu ile ile, akachukua kazi moja ya uwindaji iliyokuwa imebaki ubaoni, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Dakika mbili hazijatimia, timu yake yote iko chini. Akanijia padi mkononi, uso umemshuka.

"Ami, huyu si wa lazima. Mbona ndiye mgumu kuliko yule wa lazima?"

Ni mgumu kwa sababu hiyo hiyo aliyoitaja mwenyewe: si wa lazima. Ila ili hilo lieleweke, yafaa kwanza kujua uwindaji wenyewe unavyokwenda, kwa wale ambao hawajaugusa.

Geimu hiyo ya kampuni ya Square Enix ilitoka Japani Machi 2006 kwa PlayStation 2, na mwaka 2017 ikarudi imepigwa msasa kwa PlayStation 4 kwa jina la The Zodiac Age, ambayo ndiyo tunayoicheza sisi. Ina hadithi yake ndefu ya falme na vita. Pembeni ya hadithi hiyo kuna mawindo 45. Utaratibu wake ni kama wa fundi na mteja. Unaingia kwenye mkahawa, unasoma tangazo ubaoni, unakubali kazi. Kisha unamtafuta aliyeitoa, akueleze dude limeonekana wapi na lina visa gani. Ukishaliua unamrudia akulipe, pesa pamoja na kitu cha maana, silaha au dawa. La kwanza huwa ni nyanya. Ndiyo, nyanya yenye miguu, iliyotorokea jangwani. Hiyo imewekwa njiani mwa hadithi ili ujifunze utaratibu. Baadaye unaingia chama cha wawindaji kiitwacho Centurio, mjini Rabanastre, mkubwa wake kiumbe mdogo wa manyoya aitwaye Montblanc, na kila unavyopanda cheo ndivyo duka la chama linavyokufungulia bidhaa zaidi.

Sasa, sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufunzwa na Wajapani jambo hili, maana tuna kisa cha Nunda mla watu. Kwa asiyekisikia: Sultani Majnun alikuwa na paka. Paka akaanza kula kuku, Sultani akasema paka ni wangu na kuku ni wangu, mwacheni. Akaja akala mbuzi, akala ng'ombe, jibu ni lile lile. Paka akaota mwili, akahamia mwituni akawa Nunda, akala watu, na mwisho akawala hata watoto wa Sultani mwenyewe. (Mwenye kuishi Amu, ambako paka ni wengi kuliko barza, hukisikiliza kisa hiki kwa sikio la tahadhari.) Hapo ndipo kijana mdogo wa Sultani akasema atamtafuta. Wazazi wakamkataza. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo mliweke akilini. Akatoka, akaua mnyama, akamleta nyumbani akiimba kwamba amemuua Nunda. Mamake akamwambia: mwanangu, siye huyo. Alikuwa ni mbwa. Akarudi mwituni, kila safari akaleta mnyama mkubwa kuliko wa jana, punda milia, twiga, kifaru, ndovu, na kila safari mama akajibu siye. Hata akampata mwenyewe.

Hiyo ndiyo ngazi ya mawindo ilivyopangwa. Ila mtengenezaji wa geimu ana shida moja ambayo msimuliaji wa kisa hana. Msimuliaji anaketi na watoto wake kitandani, anawajua. Mtengenezaji hamjui mchezaji. Katika geimu za aina hii kila adui unayemuua anakuongezea nguvu, kwa hiyo wawili wakifika mbele ya bosi wa mwisho, mmoja amekuja moja kwa moja kama abiria wa boti la Mokowe, na mwingine amezunguka kila pango akipigana miezi mitatu. Bosi ni mmoja, awatoshe wote wawili. Ukimpima kwa yule aliyezunguka, yule wa kwanza atakwama, haoni mwisho wa hadithi aliyoinunua, na geimu itaishia kuuzwa mkononi kwa bei ya kutupa. Basi bosi wa lazima hupimwa kwa mtu wa kawaida aliyekwenda njia iliyonyooka. Ndiyo maana kijana wetu alimmaliza kabla ya Isha. Hakuwa shujaa kama alivyodhani.

Windo la hiari halizibi mlango wowote. Likikushinda, hadithi inaendelea, hakuna aliyedhulumiwa. Hapo mtengenezaji anapata uhuru wa kusema: haya, wewe uliyejilimbikizia nguvu, njoo tuone kama kichwani mna kitu pia. Jambo hili si la geimu moja. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ilipopelekwa nje ya Japani iliongezewa madude mawili ya hiari ambayo Wajapani hawakuwa nayo mwanzo. Moja lao, Emerald Weapon, liko chini ya bahari, lina uhai wa 1,000,000 (uhai ni hesabu inayopunguzwa na kila pigo), na kama huna kito cha kukuwezesha kupumua majini unapewa dakika 20 tu. Katika Elden Ring ya mwaka 2022 yuko Malenia, ambaye kila pigo lake likikufikia yeye anapona kidogo. Wengi wameimaliza geimu ile bila kumkaribia, na hakuna lililowapungukia.

Kwa hivyo nilimwambia kijana awache kubonyeza padi kwa hasira kwanza. Mapigano ya windo huamuliwa kabla hujalifikia.

Anza na mahali na wakati. Mvuvi wa hapa haulizi tu samaki yuko wapi. Anauliza maji yamekaaje, ni bamvua au maji mafu, ni kusi au kaskazi. Waliotengeneza Final Fantasy XII walifikiri hivyo hivyo. Kuna kobe mkubwa ajabu, Gil Snapper, anayekaa nyanda za Giza. Usihangaike na jina, ni mahali peupe tu penye nyasi na wafugaji. Wakati wa ukavu utazunguka nyanda zote usimwone. Mvua ikishuka, wafugaji wanahama, vijito vinafurika, na kobe anatoka. Kuna joka Ring Wyrm ambalo hutokea jangwani upande wa magharibi panapovuma dhoruba ya mchanga. Mtu akikosa kusoma maneno ya aliyetoa kazi, atakwenda na kurudi mara kumi kisha aseme geimu imeharibika.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni Orthros. Huyu ni dude la majimaji kama uji mzito, anakaa kwenye mifereji ya chini ya mji. Kijana wetu alishuka huko siku nne mfululizo. Hakuona kitu. Siri ni kwamba Orthros hatoki ila timu yako iwe ya wanawake watupu, yaani Ashe, Fran na Penelo. Ukimwingiza mwanamume mmoja tu, haonekani. Nilipomwambia hakuamini, akasema ami wanitania. Alibadilisha timu, akashuka, na dude likamrukia mara moja. Huo ndio uwindaji niupendao mimi, kitendawili kwanza, upanga baadaye.

Pili ni kumjua adui. Kuna mbinu iitwayo Libra inayokuonyesha uhai wa adui na udhaifu wake, ingawa kwa wakubwa mara nyingi utaonyeshwa alama za kuuliza tu, na hapo inabidi ujaribu mwenyewe: moto, barafu, radi, uone kipi kinamuuma. Kuna na hila ya mafuta. Adui akimwagiwa uganga wa mafuta, moto unamwunguza mara tatu ya kawaida. Wanaopenda kukaangia bajia kwenye karai wataelewa bila maelezo.

La tatu ndilo lenye uzito, na ndilo lililomwangusha kijana: gambiti. Katika geimu hii wapiganaji ni watatu kwa wakati mmoja, na huwezi kuwaongoza wote kwa mkono mambo yakipamba moto. Unawaandikia maagizo mapema. Kila agizo lina sharti na kitendo: mwenzio uhai ukishuka chini ya nusu, mtibu. Adui akionekana, mpige. Mpiganaji anasoma orodha kuanzia juu, agizo la kwanza ambalo sharti lake limetimia ndilo analolifanya, mengine hayatazami. Sasa angalia orodha ya kijana wetu. Juu kabisa kwa kila mmoja aliandika mpige adui. Adui wa windo hakosekani mbele yako, kwa hiyo sharti la juu linatimia daima, na agizo la kutibu lililo chini halifikiwi hata siku moja. Ni kama kumwambia mtoto cheza, kisha maji yakichemka uzime jiko. Mchezo hauishi, sufuria inaungua. Tulipindua orodha tu, kufufua juu, kutibu chini yake, kisha kinga, na kupiga mwisho, na lile dude lililommaliza kwa dakika mbili likaanguka jioni ile ile. Hatukuongeza leveli hata moja.

Kuna mbinu nyingine za wazoefu. Uganga wa Bubble unaongeza uhai wako mara mbili, nao si wa kusahau mbele ya mkubwa yeyote. Uganga wa Decoy unamfanya adui amwandame mtu mmoja, wawili waliobaki wapumue. Ukimwongezea huyo mmoja Reverse, mapigo yanageuka kuwa tiba: kadiri anavyopigwa ndivyo anavyonona. Ni hila ya kisungura kabisa, ila Reverse haidumu sana, na dawa nayo inageuka kuwa sumu, kwa hiyo mwenye kutibu kwa mazoea atamuua mwenzake kwa mkono wake. Na kumbuka wamo watu sita katika safari. Watatu wakilala, watatu wa akiba wanaingia. Wengi hulea watatu tu wawapendao na kuwaacha wengine wakiwa dhaifu, kisha hushangaa.

Halafu yuko Yiazmat, nunda mwenyewe. Kazi yake inatolewa na Montblanc, na anakaa kwenye uwanja wa magofu huko Ridorana. Uhai wake ni zaidi ya milioni 50. Bosi wa mwisho wa hadithi, katika umbo lake la mwisho, ana laki mbili na ushei. Katika geimu ya 2006 pigo moja halikuweza kupita 9,999, kwa hiyo hata kama kila pigo lako lilifika kileleni, ulihitaji zaidi ya mapigo 5,000, huku yeye akiwa na pigo linaloweza kumuua mtu papo hapo hata awe na uhai kamili. Watengenezaji wenyewe walijua ni kazi ya saa nyingi, ndiyo maana wanakuruhusu kutoka uwanjani, kuhifadhi mchezo, ule chakula chako na urudi. Hapa kwetu, ambapo stima hukatika bila kuaga, hiyo ni rehema.

Lakini nitasema la moyoni: Yiazmat si mgumu, ni mrefu. Gambiti zako zikikaa sawa, unaweza kuketi barazani na kahawa ukimwacha apigwe. Kumpa adui uhai mwingi ni njia rahisi ya kumfanya aonekane mkubwa, na kwangu mimi Orthros, aliyefichwa kwa sharti moja tu, amebuniwa kwa akili kuliko yeye. Katika toleo la 2017 kikomo cha 9,999 hakipo tena, na kuna kitufe cha kuharakisha mwendo mara mbili hadi nne, nadhani kwa sababu malalamiko yaliwafikia. Katika Witcher 3 ya mwaka 2015 walikwenda njia nyingine: Geralt, mwindaji wa madude unayemchezesha, anafuata nyayo, anauliza wanakijiji, anasoma kitabu chake cha madude ajue upanga aupake mafuta gani, na pigano lenyewe mara nyingi ni la dakika chache.

Wiki hii kijana yuko Paramina, nchi ya theluji, ambayo kwa mtoto wa Amu ni ajabu kuliko madude yote. Anamwinda Trickster, ndege mweupe wa kimo cha punda anayefifia machoni pako na kubadilisha udhaifu wake katikati ya vita, ukizoea barafu anakutaka moto. Jana usiku nilikuwa nimeshalala. Nikasikia kelele, miguu ikipanda ngazi, na mlango ukasukumwa bila hodi.

"Ami! Nimemuua! Ndiye huyu nunda?"

"Siye, mwanangu," nikamjibu. "Huyo ni kuku. Zima televisheni ulale."