Kukosa usawa katika elimu: mtoto wa mhamiaji Mombasa hukwama wapi?

Mwanafunzi mmoja kupata A na mwenzake D si ukosefu wa usawa katika elimu. Hata mapacha hupishana alama. Dhana hii huja pale tofauti inapofuata jambo ambalo mtoto hakulichagua: kazaliwa na nani, wazazi walitoka wapi, mfukoni wana karatasi gani za utambulisho. Ukiweza kubashiri mtoto atakomea darasa gani kabla hajashika penseli, basi ndiyo hiyo.

Wengi hutaja lugha kwanza. Ni kweli kwa kiasi. Kijana wa miaka 12 aliyeletwa kutoka Somalia au Kongo huenda akakalishwa na watoto wa miaka 8 kwa kuwa Kiingereza hakijui, na kuanzia gredi ya 4 karibu masomo yote hufundishwa kwa lugha hiyo. Aibu peke yake humtosha mtu kuacha shule.

Lakini watazameni Wapemba. Wazee wao walivuka kutoka kisiwani Pemba wakifuata samaki, wakakaa Kilifi, Kwale na hapa Mombasa, wakazaa na wakajukuu. Kiswahili chao, tuseme ukweli, kinawashinda walimu wengi. Dini, chakula na mavazi ni yale yale ya jirani. Bado watoto wao walikwama, kwa sababu serikali ya Kenya haikuitambua jamii hiyo hadi 2023. Wamakonde wa Kwale, jamii yenye asili ya Msumbiji, walitangulia 2016, baada ya kufunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho. Kwa hiyo mimi naanza na karatasi, lugha baadaye.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kila mtoto, si kila raia. Ndiyo maana mwalimu mkuu mwenye huruma humpokea mtoto asiye na karatasi, na ukipita pale langoni utadhani mambo ni sawa. Kasoro hujitokeza mbele. Mzazi asiye na kipande, yaani kitambulisho, hupata taabu kumtolea mwanawe cheti cha kuzaliwa. NEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi ulioanza 2017, ulijengwa juu ya namba ya cheti hicho, na fedha za serikali huifuata orodha ya waliosajiliwa. Sekondari ya kutwa imewekewa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Asiyeonekana kwenye mfumo, pengo lake hudaiwa mzazi. Kisha unakuja usajili wa mtihani wa taifa, nao unataka cheti kile kile.

Hapa msomaji atauliza: mbona hata mtoto wa Likoni mwenye wazazi Wakenya hukosa karo? Hukosa, tena sana. Tofauti ni kwamba yeye ana pa kubisha. Ataomba basari na kuambatisha nakala ya kitambulisho cha mzazi, na akifika chuo kikuu ataomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ambao ni wa Wakenya. Mwenzake waliyeketi dawati moja hana cha kuambatisha.

Kutambuliwa nako hakurudishi miaka. Aliyeacha shule darasa la 6 akashika nyavu, akapewa kipande 2023 akiwa na miaka 20, sasa anaweza kusajili laini ya simu na kufungua akaunti ya benki kwa jina lake. Masomo, kwake, yamebaki ya gumbaru, jioni, akishatoka baharini.