Je, wajua? Fizi zinazotoka damu zinaweza kukupandishia sukari

Unapiga mswaki, unatema, unaona wekundu, unafungulia maji unaondoka zako. Ila damu hiyohiyo ingekuwa inakutoka kidoleni kila asubuhi ungeshakimbia hospitali zamani, sema fizi tumeshazizoea.

Chanzo ni ukoga, ule utando unaonata kwenye meno, umejaa bakteria. Ukiachwa pale fizi inapokutana na jino mwili unaanza kupigana nao na fizi inavimba. Mwaka 1965 huko Denmark, mtafiti wa meno Harald Löe na wenzake waliwaambia watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno, ndani ya wiki 3 wote fizi zikavimba, waliporudia mswaki zikapona. Kwahiyo mwanzoni inarudi vizuri tu. Ukipuuzia ukoga unakuwa mgumu kama jiwe, na miaka ikipita fizi inaachana na jino, vinatokea vimifuko vya usaha, mfupa unaliwa na meno yanaanza kucheza.

Sasa sukari inaingiaje? Hivyo vimifuko ni kidonda hata kama hukioni, na kemikali za uvimbe zinazotoka pale zinaingia kwenye damu zinaifanya insulini (homoni inayoshusha sukari) ishindwe kazi yake vizuri, sukari inapanda, alafu sukari ikiwa juu kinga inalegea na vidonda vinachelewa kupona kwahiyo fizi nazo zinazidi kuoza, yani vinapokezana. Ndo maana kuna mtu anameza dawa, ugali kapunguza, soda kaacha na bado kipimo hakishuki, kumbe hakuna aliyemwambia afungue mdomo. Wagonjwa wa kisukari wakitibiwa fizi, yani kukwanguliwa ule ukoga mgumu mpaka chini ya fizi, kile kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi 3 (HbA1c, kinasomwa kwa asilimia) kinashuka kwa wastani wa pointi 0.4 hivi. Ni kidogo, ila haujaongezewa kidonge hata kimoja. Dawa usiache lakini!

Kuhusu moyo watu wanakuza sana. Ni kweli wenye fizi mbovu wanapata zaidi shambulio la moyo na kiharusi, ila wengi wao pia wanavuta sigara au wana kisukari, kwahiyo kusema fizi ndo chanzo bado haijathibitishwa. Ila mwenye valvu mbovu ya moyo (vile vilango vya damu ndani ya moyo) huyo asicheze kabisa, bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kukaa palepale kwenye valvu, amwambie daktari wa meno kabla hata ya kung'olewa jino.

Kosa kubwa ni kuogopa ile damu ukaanza kuruka sehemu inayotoka, wakati hapo ndo pa kupiga taratibu kwa mswaki laini, na ikipita wiki 2 bado inatoka nenda ukaonwe. Na wewe mvuta sigara usijisifu fizi zako hazitoki damu, sigara inabana mishipa midogo kwahiyo ugonjwa unaweza kuwepo na damu usiione.