Maana ya 225/65R17 na saizi ya tairi inayolifaa gari lako

Matairi yakiisha, wengi hunakili namba iliyoandikwa ubavuni na kwenda nayo dukani. Namba hiyo inaeleza mengi, ila kipimo kimoja muhimu haikitaji, nacho ndicho huamua kama saizi mbadala italifaa gari.

Tuchukue Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu, ambayo nyingi huvaa 225/65R17. 225 ni upana wa tairi kwa milimita, ubavu hadi ubavu. R ni radial, yaani namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Karibu matairi yote ya magari madogo leo yako hivyo, basi isikuumize kichwa. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na tairi la 17 halikai kwenye rimu ya 16.

Inayowapotosha watu ni 65. Hiyo ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana, yaani kama milimita 146. Muuzaji akikwambia, "Chukua 245/65R17, ni pana kidogo tu, 65 ni ileile," ubavu wake si uleule hata kidogo. Asilimia 65 ya 245 ni milimita 159.

Kipimo ambacho hakijaandikwa ni kimo cha tairi zima, kutoka chini linapogusa lami hadi juu. Unakipata kwa kuzidisha ubavu mara mbili, kisha kujumlisha rimu (inchi moja ni milimita 25.4). 225/65R17 ina kimo cha milimita 724. Toyota wenyewe waliiwekea RAV4 hiyo pia 215/70R16, yenye kimo cha 707, na 235/55R18, yenye kimo cha 716. Rimu imetoka 16 hadi 18, lakini kimo hakijatofautiana zaidi ya milimita 17, kwa sababu kila rimu ilipokua ubavu ulipunguzwa. Kubadilisha saizi kwa usahihi ni kufanya hivyohivyo.

Turudi kwa ile 245/65R17. Kimo chake ni 750, ongezeko la asilimia 3.6. Kama spidomita yako ilikuwa inasoma sawasawa, sasa ikionyesha 100 unakimbia karibu 104. Gari linakuwa zito kuondoka, na ukikata usukani wote tairi linaweza kukwaruza plastiki ya ndani ya madigadi. Na wanaofanya hivi ili gari liinuke wanapata kidogo sana: ni nusu tu ya ongezeko inayoinua gari, yaani milimita 13. Wauzaji wengi hushika mpaka wa asilimia 3. Mimi kwa gari linalobeba watoto ningebaki chini ya 2.

Kwa barabara za mashimo na kokoto, ushauri wangu ni kushuka rimu badala ya kupanda. 225/70R16 ina kimo cha 721, karibu sawa kabisa na ya awali, lakini ubavu wake ni milimita 157. Linganisha na 129 za ile 235/55R18, ambayo inapendeza machoni, lakini ikiingia shimoni kwa kasi rimu hupinda kwa urahisi zaidi. Hakikisha tu kwamba rimu ndogo haigusi breki.

Baada ya saizi kuna namba nyingine, kwa mfano 102H. 102 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 850. H ni mwendo wa juu, kilomita 210 kwa saa. Tairi la bei nafuu lenye 98 hubeba kilo 750, kwa hiyo umepoteza kilo 100 kwa kila gurudumu. Gari likijaa abiria, mizigo na magunia ya mpunga juu ya keria, pengo hilo ni hatari ya kweli. Usishuke chini ya namba iliyopendekezwa na kiwanda.

Saizi ya kiwandani na kiasi cha upepo vimeandikwa kwenye stika kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwa gari lililotumika Japani stika huwa ya Kijapani, ila tarakimu zinasomeka. 220 kPa ni kama PSI 32. Iamini stika kuliko matairi uliyoyakuta, maana mwenye gari wa kwanza huenda aliyabadilisha.

Na kama RAV4 yako inavuta magurudumu yote manne, badilisha yote kwa pamoja. Mawili mapya na mawili yaliyolika hayana kimo kimoja hata kama saizi ni ileile. Ya mbele na ya nyuma yatazunguka kwa kasi tofauti, na kifaa kinachogawa nguvu kwenda nyuma kitachakaa mapema.