Umekosa ufadhili, fomu yako imekwenda wapi?

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wahitimu wa kidato cha sita huku kusini, kuanzia Masasi mpaka Nachingwea, kuna maneno yanayozunguka. Yanasema ukiomba ufadhili wa kwenda kusoma Marekani ukakosa, usijali: waliokunyima wataichukua fomu yako na kuigawa vyuoni, na chuo kitakachokupenda kitakuita chenyewe. Basi vijana wanajaza, wanakosa, wanakaa kusubiri.

Maneno haya hayakuzuka hewani. Kuna mpango Marekani, unaitwa QuestBridge, ambao kweli huwaruhusu baadhi ya waliokosa ufadhili wapeleke vyuoni fomu ileile. Ndugu zetu wenye watoto wanaosoma sekondari kule wanaujua. Mtoto anaandika kwenye grupu la ukoo kwamba ufadhili ameukosa ila fomu yake sasa inakwenda vyuo kadhaa, na anasema kweli. Habari hiyo mpaka ifike Ndanda imeshapanda magari matatu, na kila kituo imeshusha sehemu ya mzigo.

"Ukikosa, fomu yako inagawiwa vyuo vyote"

Hapana. Kwa QuestBridge, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, anayetoka familia ya kipato kidogo, anajaza fomu moja bila kulipa chochote, mwisho wake ni Septemba. Oktoba wanatangazwa waliofika fainali. Mwombaji hupanga vyuo anavyovitaka, cha kwanza, cha pili, akipenda mpaka 15, kutoka kwenye orodha ya vyuo washirika inayojumuisha Yale, MIT na Stanford. Tarehe 1 Desemba majibu yanatoka. Aliyefanikiwa anapata nafasi ya chuo pamoja na ufadhili wa miaka minne, ada, malazi na chakula humohumo.

Mwaka 2023 waliofanikiwa walikuwa 2,242 kati ya 6,683 waliofika fainali. Ina maana vijana zaidi ya 4,400 walitoka mikono mitupu wakiwa wamebakiza hatua moja tu. Hao si wanafunzi dhaifu, na vyuo vinalijua hilo vizuri. Ndiyo maana upo mlango wa pili: aliyefika fainali akakosa anaweza kuomba vyuo hivyohivyo washirika katika awamu ya kawaida ya udahili, kwa kutumia fomu aliyokwisha kuijaza. Lakini ni yeye anayeamua iende wapi. Anachagua vyuo kimoja kimoja, na kile asichokichagua hakiletewi kitu. Vyuo vingi pia hudai nyongeza: insha zao wenyewe, nyaraka za kipato cha wazazi, taarifa ya maendeleo kutoka shuleni. Asipozipeleka, maombi yake hayajakamilika, hata kama fomu imefika.

Aliyeishia kabla ya fainali hana mlango huo. Anaanza upya, chuo kwa chuo, kama mwombaji mwingine yeyote.

Na hata huyo wa mlango wa pili hapewi nafasi kwa huruma. Faili lake linasomwa pamoja na ya maelfu ya wengine. Faida yake ni kwamba hajazi upya, na kwamba vyuo hivi kwa kawaida huahidi kuziba pengo lote la gharama kwa mwanafunzi wa aina yake akidahiliwa. Kwa maneno mengine, kukosa ule ufadhili wa Desemba hakumaanishi kukosa pesa. Hili halisemwi kabisa kwenye magrupu yetu, na kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote.

"Basi na mimi wa Mtwara niombe"

Hapa pana uchungu kidogo. QuestBridge hupokea raia wa Marekani, wenye ukaazi wa kudumu, na wanafunzi wa uraia wowote ule mradi wanasoma sekondari ndani ya Marekani. Binamu yako anayesoma Minnesota anaingia hata akiwa na pasi ya Tanzania. Wewe uliyemaliza Ndanda, na uraia wako ni wa Tanzania peke yake, huingii. Bando lililoteketea kwenye fomu isiyokuhusu ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni miezi uliyokaa ukiamini jina lako liko juu ya meza ya mtu.

Kalenda nayo haikungoji. Vyuo vingi vya Marekani vya namna hii hufunga awamu yake ya kawaida mwanzoni mwa Januari, kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Mtihani wetu wa kidato cha sita ni Mei, matokeo Julai. Anayeanza kuulizia baada ya matokeo, dirisha la mwaka huo limefungwa tangu hajafanya hata mtihani.

"Mastercard watanitafutia chuo kingine"

Programu ya ufadhili ya Mastercard Foundation, iliyoanza mwaka 2012, inatuhusu kweli sisi Waafrika. Lakini taasisi yenyewe haipokei fomu za wanafunzi. Kila chuo mshirika kina fomu yake, tarehe zake na vigezo vyake. Ukikosa Ashesi kule Ghana, Makerere hawana habari kama ulikuwepo. Unaomba huku, na unaomba kule, kila pahali kwa mkono wako.

Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, kina utaratibu mwingine tena. Ufadhili wake wa Lester B. Pearson hutolewa kwa wanafunzi wa kigeni wapatao 37 kwa mwaka. Shule inapendekeza mwanafunzi mmoja tu, na mwanafunzi huyo lazima awe ameomba udahili wa chuo chenyewe. Akikosa ufadhili, ombi lake la udahili linabaki palepale. Halikuhamishwa na mtu, lilikuwa chuoni tangu mwanzo. Tatizo ni kwamba anaweza kukubaliwa kusoma huku ada ya mgeni ikiwa makumi ya maelfu ya dola za Kanada kwa mwaka. Barua ya udahili isiyo na pesa nyuma yake, kwa mtoto wa mkulima wa Tandahimba, ni karatasi nzuri ya kuonyesha wageni.

"Mfumo utanipangia"

Nadhani dhana hii tumeirithi hapahapa nyumbani. Kaka na dada zetu waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2010 waliomba vyuo kupitia mfumo mmoja wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Unajaza machaguo yako kwa mpangilio, ukikosa la kwanza mfumo unakuangalia la pili, na kuendelea. Mwaka 2017 utaratibu ule uliondolewa, na waombaji wakarudishwa kuomba moja kwa moja katika kila chuo. Aliyekosa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam leo, jina lake haliletwi Stella Maris pale Mtwara. Anasubiri awamu inayofuata ifunguliwe, anaomba mwenyewe, na analipia mwenyewe. TCU wanahakiki majina ambayo vyuo vimewapelekea, na mwenye udahili zaidi ya mmoja anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa. Kazi ya kukutafutia chuo hawana.

Bodi ya Mikopo ndiyo kabisa. Kujaza fomu ya mkopo si kuomba chuo. Kila mwaka kuna mzazi anayeuliza mbona mtoto hajapangiwa wakati fomu ya mkopo walijaza mapema.

"Chuo kimeniandikia, maana yake nimekubaliwa"

Hilo ni tangazo. Wanaofanya SAT, mtihani unaotumika kuombea vyuo vya Marekani, huulizwa kama wanaridhia taarifa zao ziingizwe kwenye huduma ya College Board, wenye mtihani huo, inayoviuzia vyuo majina. Ukiridhia, barua pepe zitamiminika.

"Wanagawa siri zangu bila kuniuliza"

Hofu hii naielewa kuliko nyingine, maana fomu za ufadhili zinachimba. Zinataka kujua baba anapata kiasi gani, nani mgonjwa nyumbani, kwa nini mama anaishi peke yake. Mkulima wa korosho hana hati ya mshahara. Ana stakabadhi za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, za msimu mmoja mzuri na mmoja mbaya, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji. Mtoto anaandika yote hayo kwenye insha akidhani yatasomwa na watu watatu.

Ruhusa huombwa. Iko kwenye masharti, kwa kawaida kabla ya kitufe cha kutuma, kwenye kile kisanduku tunachokitia tiki bila kusoma. Hapo huwa pameelezwa nani atapewa faili, kwa ajili gani, na kama unaweza kukataa. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini faili likishakuwa kwenye kompyuta za ng'ambo, usitegemee sana kulifuatilia kutoka Lindi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi inamlinda aliyejiunga na chuo. Aliyeomba tu asijiunge haimhusu. Kwa hiyo kinachokulinda zaidi ni yale uliyoyakubali kwenye fomu. Piga picha ukurasa huo uutunze. Na kama kuna jambo la mama yako ambalo hata jirani halijui, muulize mama kwanza kabla hujaliandika.

"Kuna mtu wa kuisukuma fomu"

Kuna mtu wa kula hela. QuestBridge haitozi ada katika mlango wa kwanza wala wa pili, na hakuna wakala wake anayekaa Mtwara. Mwenye nia ya Marekani awaulize EducationUSA, huduma ya ushauri wa masomo ya kule, kupitia ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Ushauri wao wa jumla ni bure, na wataanza kwa kumuuliza yuko kidato cha ngapi.